Glavu za kuzuia kukatwa: nimezivaa miezi 14 kazini, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii riviu nikiwa na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ambacho hakikunji mpaka mwisho, kwa hiyo mtanisamehe kama ntaenda mbali kidogo na glavu zenyewe. Miezi 14 nimezivaa kila shifti, nafungua maboksi, nakata mikanda ya plastiki inayofungia mizigo, nakata mabati mepesi mara mojamoja, na nimeshamaliza pea mbili. Jibu fupi kwa mwenye haraka: zinafaa, nunua, ila ujue kusoma lebo, ujue zinakokomea, na ujue kwamba kwa kweli sio wewe uliyetakiwa kuzinunua. Hilo la mwisho ndo limenifanya nikae niandike yote haya.

Nianze na siku niliyokua sina glavu maana bila hiyo hii riviu haina kichwa. Ilikua karibu na mwisho wa shifti, nafungua mzigo, kisu ni kile cha kusukuma wembe, na wembe ulikua butu toka asubuhi nikasema aah nimalizie tu hili la mwisho ntabadilisha kesho. Wembe butu unakufanya ukandamize. Nikakandamiza, mkanda ukaachia ghafla, mkono wa kulia ukaenda na nguvu zake zote, na wa kushoto ulikua umeshika boksi upande uleule kisu kinakoelekea. Maumivu mwanzoni hakuna kabisa, mpaka leo linanishangaza. Nliona tu ngozi imefunguka pale shina la kidole linapokutana na kiganja, kingo nyeupe, safi, nikaiangalia kama sekunde mbili hivi, ndo damu ikaja.

Supavaiza akatazama akasema osha, funga kitambaa, malizia, huo ni mkato mdogo. Na kweli kwa nje ulikua mdogo, sentimita mbili haufiki. Mama mmoja wa usafi ndo alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hebu kunja kidole nione." Nikakunja, kiungo cha katikati kikaenda nusu, ncha ikabaki imenyooka kama penseli. Naiambia ikunje, haikunji. Akasema, "Hapo hapana. Twende hospitali sasa hivi, sio kesho." Yule mama sitamsahau.

Kumbe kano zinazokunja vidole zinapita pale upande wa kiganja, karibu sana na ngozi, na ile inayofika mpaka ncha ya kidole ikikatwa, msuli wake unaivuta inarudi nyuma ndani ya kiganja kama lastiki iliyokatika. Daktari wa upasuaji inabidi aifuate huko ndani airudishe aishone. Pembeni yake kuna mshipa wa fahamu, nao ulikua umekatika upande mmoja. Mshipa wa fahamu ukishonwa unaota taratibu, kama milimita moja kwa siku, yani kutoka shina la kidole mpaka ncha piga hesabu mwenyewe, ni miezi. Wiki sita nilikaa na banzi, na mpaka wiki ya 12 nilikatazwa kubeba kitu kizito. Baridi ikipiga bado kidole kinauma kwa namna ambayo siwezi kuielezea. Hayo yote ni mkato wa sentimita mbili haufiki! Kwa hiyo mtu akikwambia "mkato mdogo" kabla hajakuambia ukunje kidole na kabla hajagusa ncha kuona kama unasikia, usimsikilize, hata kama ni bosi.

Sasa glavu.

Niliporudi kazini nikazinunua kwa hela yangu. Ni zile za kufumwa, za kijivu, nyuzi ni poliethilini ngumu sana imechanganywa na nyuzi za kioo na nyuzi kidogo zinazovutika, kiganjani zimepakwa poliurethani nyembamba ili zishike. Brandi siitaji kwa sababu zipo brandi nyingi zinafanana na sitaki mtu akimbilie jina, nataka akimbilie lebo. Mgongoni mwa glavu kuna alama ya ngao yenye nyundo ndani yake, juu yake imeandikwa EN 388, hicho ni kipimo cha Ulaya, na chini yake kuna namba na herufi. Zangu zimeandikwa 4X43C. Nilikaa nazo wiki nzima nikidhani ni namba ya modeli!

Inasomwa hivi. Namba ya kwanza ni kusuguliwa, mwisho wake 4. Ya pili ni kipimo cha zamani cha kukatwa, wembe wa duara unazunguka na kwenda mbele na nyuma juu ya kitambaa, mwisho wake 5. Ya tatu ni kuchanika, mwisho 4. Ya nne ni kutobolewa, mwisho 4. Halafu inakuja herufi, A mpaka F, hiyo ndo ya kuangalia wewe unayeshika kisu. Herufi iliongezwa mwaka 2016 kwa sababu kile kipimo cha pili kina tatizo, glavu zenye nyuzi za kioo au stili zinaufanya wembe wenyewe uwe butu katikati ya testi, majibu yanatoka mazuri kuliko ukweli. Ndo maana kwangu pale kuna X, maana yake hicho kipimo hakikutumika. Kipimo kipya kinachukua wembe mnyoofu unavutwa mara moja milimita 20, kinapimwa ni nguvu kiasi gani inahitajika mpaka kitambaa kikatike. A ni nyutoni 2, B 5, C 10, D 15, E 22, F 30. Nyutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja umekandamiza wembe. Ukilielewa hilo utaelewa kwa nini glavu ya C inakuokoa na kisu kilichoteleza lakini haiwezi kukuokoa na mtu mzima aliyeweka uzito wa mwili juu ya kisu.

Kuna mtego hapa umewaponza wengi, nami uliniponza kwenye ile pea ya kwanza kabisa ambayo hata siihesabu. Utaona pakiti imeandikwa kwa maandishi makubwa "level 5". Hiyo 5 mara nyingi ni ya kile kipimo cha zamani cha wembe wa duara. Watu wanaichanganya na A5 ya Marekani. Wamarekani wana kipimo chao, ANSI/ISEA 105, kinaanza A1 mpaka A9, kinapimwa kwa gramu, A1 ni gramu 200, A3 ni 1000, A4 ni 1500, A5 ni 2200, A9 ni 6000. Kwa hiyo C ya Ulaya inakaribiana na A3 ya Marekani, na F inakaribiana na A6. Na A ya Ulaya ikiwa peke yake bila namba ndo ya chini kuliko zote. Mtu anaona A anadhani kapata daraja la kwanza kama shuleni. Hapana jamani. Pakiti isipokua na hiyo herufi wala hiyo A yenye namba, irudishe.

Kuhusu Kevlar, kila glavu ya njano siku hizi inaitwa Kevlar, sio kweli. Kevlar ni nyuzi iliyogunduliwa na mwanakemia Stephanie Kwolek akiwa kampuni ya kemikali ya DuPont mwaka 1965, ni nzuri, inavumilia joto, ila maji ya kuondoa madoa yenye klorini yanaila na jua linaidhoofisha. Hizi zangu za poliethilini ni kinyume, hazijali hiyo dawa sana lakini joto haziliwezi, zinaanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto mia na arobaini na kitu, kwa hiyo usishike nazo chuma kilichotoka kwenye moto na usizikaushe kwenye mashine ya joto kali. Mi nafua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, naanika kivulini, basi.

Je zimefanya kazi? Mwezi wa tano hivi tukawa tunashusha mzigo, mikanda ileile, kisu kikatoka kwenye mkanda kikapita kiganjani kwangu cha kushoto. Nikasikia kama mtu kanichora na ukucha. Nikasimama, nikavua glavu palepale, moyo unakwenda mbio. Kwenye glavu kuna mstari wa urefu wa vidole vitatu, ile poliurethani imefunguka, nyuzi za juu zimekatika zimesimama kama manyoya, za chini zimeshika. Kwenye ngozi mstari mwekundu, ukafutika baada ya muda. Nikakunja vidole kimoja kimoja nikavihesabu, vyote vimekunja. Nilikaa chini ya ngazi nikalia kidogo na sioni aibu kusema.

Glavu ile sikuivaa tena. Ikishakatwa imeshamaliza kazi yake, usiigeuze wala usiishone. Na nilimwambia supavaiza aandike kwenye daftari la ajali hata kama sijaumia, akashangaa, nikamwambia andika tu, kisu kimeteleza, mkanda uleule, sehemu ileile.

Sasa mabaya yake, maana yapo. Zinatoa jasho, ukivaa saa nne mfululizo ukivua mkono umekunjamana kama umetoka kufua. Ukishika kitu kidogo kama skrubu au kuhesabu karatasi lazima uvue, na kuvua ndo hatari yenyewe, maana wengi wakivua hawarudishi. Zikilowa mafuta zinateleza, mwenye kazi ya mafuta atafute zilizopakwa raba ya nitrili. Saizi ni muhimu kuliko mnavyofikiri, pima mzunguko wa kiganja bila kidole gumba, namba ya saizi inafuata inchi, 8 ni kama milimita 203, 9 ni kama 229. Ikiwa kubwa ncha za vidole zinabaki zinaning'inia, wembe unazikamata, na wewe unakaza mkono zaidi kushika kisu mpaka unachoka. Rafiki yangu mmoja alipewa saizi 10 na mkono wake ni 8, baada ya siku mbili alizitupa kwenye droo, na simlaumu.

Kutobolewa ni habari nyingine kabisa. Ile namba ya nne ya kutobolewa inapimwa na kitu kinene kama ncha ya msumari mkubwa, sio sindano wala ncha ya kisu cha kuchongoka. Kwa hiyo kisu kikija kwa ncha, glavu ya kufumwa nyuzi zinapanuka kisu kinapita katikati yake. Wale wa bucha na wanaotoa nyama kwenye mifupa wana glavu zao za vipete vya stili, zinavaliwa mkono unaoshika nyama, hizo ndo zinazuia ncha. Mkifanya kazi hiyo msidanganyike na hizi zangu.

Na hili naomba mlisome mara mbili: kwenye mashine inayozunguka usivae. Dreli ya mezani, mashine ya kukereza, msumeno wa duara. Kitambaa kikiguswa na kitu kinachozunguka kinavutwa, na kinavuta mkono wote, na hizi nyuzi zilivyo ngumu hazikatiki zikakuachia. Hakuna herufi ya EN 388 inayosimamisha msumeno wa umeme. Pale kinachokulinda ni kizuizi cha mashine kuwepo mahali pake na mashine kuzimwa kabisa kabla hujasafisha au kutoa kilichokwama. Nimeona mtu anatoa kipande kilichokwama kwa kidole huku mashine inanguruma, kavaa glavu, anajiamini, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kosa lingine la kawaida, watu wanavaa glavu moja mkono wa kisu. Angalia makovu ya watu wa kazi hizi, mengi yapo mkono ule mwingine, unaoshika. Vaa zote mbili, na kama ni moja basi iwe huo unaoshika.

Halafu kuna kisu. Nusu ya usalama wangu saivi natoa shukrani kwa kisu sio kwa glavu. Nimebadilisha, natumia kile ambacho wembe unarudi wenyewe ndani ukishaacha kugusa unachokata, hata kama kidole bado kimebonyeza. Wiki ya kwanza kinaudhi, baadaye unasahau. Kwa mikanda natumia kile cha ndoano, wembe umefichwa ndani kabisa kidole hakiingii. Wembe nabadilisha kabla haujawa butu, na wa zamani unaenda kwenye kopo lenye mfuniko, sio kwenye pipa la taka ambalo yule mama wa usafi anatia mkono. Watu wa usalama kazini wanasema kinga ya kuvaa ndo ya mwisho kwenye ngazi, kwanza uondoe hatari yenyewe, ikishindikana ubadilishe kifaa, uweke vizuizi, upange kazi vizuri, ndo uje kwenye glavu. Wengine wanaanzia mwisho kwa sababu glavu ni rahisi kuliko kubadilisha kisu, na ukikatwa lawama inakua yako.

Na hapo ndo nafika kwenye fomu.

Siku ya pili baada ya upasuaji nililetewa fomu ya ajali hospitali nisaini. Pale kwenye sababu ya ajali ilishajazwa tayari: "Uzembe wa mfanyakazi, hakuvaa glavu." Mkono umefungwa, dawa za usingizi hazijaisha vizuri kichwani, kalamu nimeshikishwa mkono wa kulia. Glavu hatukuwahi kupewa! Hata pea moja kwa idara nzima. Nlikua karibu nisaini, maana nilijiona kweli mzembe, si mi mwenyewe niliyesema ntabadilisha wembe kesho? Dada yangu alikua amekaa pembeni ya kitanda akasema, "Kaka, usisaini kitu ambacho hukukisema wewe." Nikaomba nafasi niandike mwenyewe kilichotokea: saa, sehemu, mkanda wa aina gani, wembe butu, hakuna glavu zilizotolewa, nani walikuwepo. Waliguna ila wakaipokea, na nikapiga picha ya kila ukurasa.

Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba hata lile neno "uzembe" halikua na nguvu waliyodhani. Msingi wa fidia ya wafanyakazi nchi nyingi ni kwamba hauulizwi kosa la nani. Ujerumani ndo walianza na bima ya ajali kazini mwaka 1884, na makubaliano yake ni haya: mfanyakazi aliyeumia kazini analipwa bila kulazimika kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na mwajiri kwa kawaida hapelekwi mahakamani kwa ajali hiyo. Pande zote mbili zimeachia kitu. Sasa kama wewe umeachia haki ya kumshtaki kwa sababu kosa haliangaliwi, inakuaje yeye alete kosa lako ili usilipwe? Ukiumia makusudi au ukiwa umelewa hapo sheria nyingi zinabadilika. Lakini kuchoka, kusahau, kuharakisha, wembe butu, hizo ni ajali za kazi na ndo hizohizo fidia ilitungiwa.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina mkataba namba 17 wa mwaka 1925 kuhusu fidia ya ajali, unasema fidia ianze kulipwa si zaidi ya siku ya tano toka ajali, na matibabu, upasuaji na dawa sio kwa gharama ya mfanyakazi. Mwaka huohuo wa 1925 kuna namba 19, mfanyakazi mgeni kutoka nchi nyingine iliyoridhia mkataba huo atendewe sawa na mwenyeji. Halafu namba 121 wa mwaka 1964 unapanga kabisa: matibabu pamoja na viungo vya bandia, malipo wakati huwezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu uwe kamili au wa sehemu, na malipo kwa familia ukifariki. Kwa kutofanya kazi kwa muda kiwango chake cha chini ni asilimia 60 ya kipato, mfano wanaotumia ni mtu mwenye mke na watoto wawili. Nchi iliyoridhia inatakiwa ifikie hapo, na kila nchi ina sheria yake na viwango vyake, kwa hiyo siku hiyohiyo uliza mambo matatu: naripoti kwa nani, kwa fomu gani, na mwisho lini. Siku za kuripoti zina ukomo, na ukomo ndo unaoua madai mengi ya mikono, kwa sababu mtu anafunga kitambaa anasubiri kidole kitapona, kinakuja kukataa kukunja miezi mitatu baadaye na daftari halina kitu.

Ndugu zangu vibarua, hapa msikubali kuzugwa. Tunaambiwa "we ni wa kutwa, huna mkataba, hayakuhusu". Mkataba wa 121 unaongelea waajiriwa wote hata wanaojifunza kazi, na pale unaporuhusu nchi kuwaacha vibarua nje, ni wale waliochukuliwa kwa kazi isiyohusu biashara ya mwajiri. Wewe unayeshusha mzigo wa biashara yake, unakata nyama ya biashara yake, unapasua mbao ya biashara yake, nenda kaulize ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi kabla hujaamini neno la mlangoni.

Na glavu nani ananunua? Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 kifungu cha 16 unasema mwajiri atoe mavazi na vifaa vya kujikinga pale vinapohitajika, kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwaka 2022 ILO iliingiza mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi kabisa, na huu mkataba wa 155 ukawa kati ya ile ya msingi. Pea zangu zote mpaka juzi nilinunua mwenyewe. Nisingejua kusoma nisingelalamika.

Kuhusu asilimia ya ulemavu sina mengi, isipokua hili: usikubali kupimwa mwisho wakati bado uko kwenye mazoezi. Kidole kilichoshonwa kano kinaweza kikaonekana kizuri wiki ya nne halafu kikashikana na kovu kikagoma. Subiri daktari aandike kwamba hali imetulia, haitegemewi kuboreka zaidi, ndo upimwe, na kwenye kupimwa usiishie kuonyesha kovu, onyesha usichoweza: kufunga kifungo, kushika sarafu, kusikia moto wa kikombe. Mi nilikaribia kusaini malipo ya mwisho wiki ya saba, nashukuru mtu wa mazoezi aliniambia subiri.

Kwa atakayekatwa leo, na naomba asiwepo: bana kidonda kwa kitambaa safi, kaza bila kuachia kuachia kuchungulia, dakika kumi, mkono juu ya usawa wa moyo. Pete vua mapema kabla kidole hakijavimba. Kama kipande cha kidole kimekatika kabisa, kifunge kwenye shashi iliyolowa kidogo maji safi, weka kwenye mfuko wa plastiki ufunge, huo mfuko ndo uweke kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, inaua nyama, na kisielee ndani ya maji. Nenda nacho hospitali, kidole kilichopozwa vizuri kinaweza kuunganishwa hata baada ya masaa mengi. Ulizia na sindano ya pepopunda. Na mtu mmoja abaki nyuma apige picha ya kisu na mahali kabla hapajasafishwa.

Kwa glavu hizi natoa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya jasho na kwa sababu kwenye ncha za vidole, hasa kidole gumba na cha shahada, ile poliurethani inaisha mapema kabla ya sehemu nyingine, pea inakaa kama miezi saba kwa kazi yangu. Kisu cha wembe unaorudi nakipa tano.

Mwezi uliopita niliandika barua fupi ofisini, nikaambatanisha ile glavu ya mstari wa vidole vitatu na nakala ya ukurasa wa daftari la ajali, nikaorodhesha saizi za watu wote 11 wa idara niliowapima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani. Majibu yalikaa wiki tatu. Juzi maboksi yamekuja, daraja C kwa sisi wa mizigo na E kwa wale wa mabati, hii ya tatu kwangu sijatoa hela, na yule mama wa usafi naye kapewa yake, saizi 7.